Kibao cha shingoni hakimfundishi mtoto Kiingereza: malalamiko ya mzazi, Tanga mjini

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira, na sitaificha.

Binti yangu ameanza kidato cha kwanza mwaka huu katika shule moja ya sekondari hapa Tanga. Jumanne iliyopita alirudi nyumbani Makorora viganja vimevimba, na nilipombana aseme, akanitajia kosa lake: alimwambia mwenzake, "Niazime rula." Kwa maneno hayo mawili alivishwa shingoni kibao cha mbao chenye kamba ya katani, akakaa nacho tangu kipindi cha pili hadi mstarini jioni.

Kwa wasiokijua, kibao hicho huzunguka. Aliyekivaa hana njia ya kukivua ila amsikie mwingine akitamka Kiswahili, ndipo amvishe huyo, na atakayekutwa nacho kengele ya mwisho ikigongwa ndiye anayechapwa. Kwa hiyo watoto wanashinda wakiviziana. Binti yangu, ambaye nyumbani hachoki kusimulia, amepata njia yake ya kujiokoa, nayo ni kutosema kitu kabisa. Mwezi uliopita alishikwa na homa asubuhi, na kwa kuwa hakujua namna ya kuieleza kwa Kiingereza, alilaza kichwa juu ya dawati mpaka saa saba mchana, mwalimu mmoja alipomgusa akaona mwili unawaka.

Nielezwe basi, lugha inajifunzwaje na mtu aliyefunga mdomo?

Mtoto huyu alisoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili, hesabu na sayansi zote kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo mojawapo tu. Alipovuka kidato cha kwanza, karibu kila somo liligeuka lugha kwa mkupuo. Zile wiki chache za mwanzo, ambazo zilitakiwa ziwe za kuwaandaa kwa Kiingereza, kwao zilipita katika kufyeka nyasi na kusubiri madawati. Nimelifungua daftari lake la baiolojia na kukuta kurasa kumi na moja zenye mwandiko wa kupendeza. Usanisinuru, ambao alipokuwa darasa la sita alinieleza vizuri huku ameshika jani la mwarobaini, sasa ameunakili kwa Kiingereza bila kosa hata la herufi, na nilipomuuliza aya ya kwanza inasema nini, akaanza kulia.

Najua mjadala wa lugha ya kufundishia ni wa zamani. Tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zihamie Kiswahili, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Hilo silo nililolileta hapa. Mimi nataka mwanangu akijue Kiingereza, tena akijue barabara, na ndiyo maana nakasirika.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mtoto wa pwani ana mtaji ambao hakuna anayeutumia. Sauti mbili za Kiingereza zinazowatesa wanafunzi wa mataifa mengi, yeye anazo mdomoni tangu utotoni, kwa sababu anasema "thelathini" na anasema "dhahabu". Anakokwama ni kwingine: Kiswahili kina irabu tano, Kiingereza kina sauti za irabu nyingi kupita hizo, na "yeye" wetu ni mmoja kwa mwanamume na mwanamke, ndiyo maana binti yangu akimtaja bibi yake humwita "he". Mwalimu akiziweka lugha hizo mbili ubaoni bega kwa bega, akaeleza kwa Kiswahili tofauti iko wapi, kisha akawaachia watoto nusu saa wazungumze wao kwa wao na wakosee bila hofu, kosa hilo litaanza kupungua. Fimbo haina uwezo wa kumweleza mtoto kwa nini amekosea.

Nilikwenda kwa mkuu wa shule. Alinijibu, kwa Kiswahili, kwamba huo ndio utaratibu na kwamba wazazi tunadekeza watoto. Nilimkumbusha kuwa kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinazungumzia makosa makubwa ya kinidhamu, zinaweka kikomo cha viboko vinne, na zinataka kila adhabu iandikwe kitabuni. Nikamwomba anionyeshe kitabu hicho, nione kosa la kuazima rula limeandikwaje. Alisimama akanifungulia mlango.

Barua nimekwisha iandika na inaeleza mambo mawili: kibao kiondolewe, na watoto wa kidato cha kwanza warudishiwe wiki zao za maandalizi. Aliyewahi kupeleka lalamiko la namna hii kwa afisa elimu sekondari wa Jiji anieleze hapa alifuata hatua zipi, na kama kuna wazazi wengine wa shule za huku ambao watoto wao wanavishwa kibao, tusaini pamoja. Naipeleka Jumatatu.