Mjadala: Mhariri wa jarida la vijana awajibike kwa nani?

Mtoa hoja (mwalimu, Tudor)

Ndugu zangu, naleta suala lililotugawa katika mkutano wa wazazi na walimu hapa Mombasa, tulipokuwa tukipanga kuanzisha jarida la wanafunzi wa sekondari. Baadhi ya wazazi walitaka kila ukurasa upitiwe na kamati yao kabla ya kwenda kwa mpiga chapa. Wengine, nami nikiwamo, tulisema mhariri akishateuliwa aachiwe kalamu. Msimamo wangu ni kwamba mhariri huyo anawajibika kwanza kwa kijana anayelisoma jarida.

Wenzetu wa Marekani wameifanya kazi hii kwa muda mrefu. Jarida la wasichana Seventeen lilianza mwaka 1944 chini ya Helen Valentine. Mwaka 1988 likaja Sassy, ambalo mhariri wake, Jane Pratt, alikuwa bado kijana. Lilizungumza waziwazi kuhusu mapenzi na miili ya vijana, makundi ya kidini yakayashinikiza makampuni yaondoe matangazo, na jarida likalazimika kupunguza makali. Aliyeamua hapo hakuwa msomaji wala mzazi, bali mwenye tangazo. Mwaka 2012, kinyume chake, msichana wa miaka 14 kutoka jimbo la Maine alikusanya saini zaidi ya 80,000 akiitaka Seventeen ichapishe picha zisizorekebishwa, na mhariri Ann Shoket akaahidi hadharani kwamba hawatabadilisha maumbo ya miili wala nyuso za wasichana. Sioni kwamba alipungukiwa na heshima kwa kumsikiliza msomaji wake.

Katika klabu ya uandishi ninayoilea tuna sanduku la maswali. Karatasi hutoka humo zimekunjwa hadi zikawa ndogo kama stempu, bila jina, na mojawapo iliuliza kama maumivu makali ya hedhi ni ugonjwa au ni kawaida. Mtoto huyo angejua kwamba mama wa jirani yake yumo katika kamati inayosoma kila swali, asingeandika.

Mchangiaji wa pili (mzazi, Kisauni)

Mwalimu, nakuheshimu, ila hapo hatukubaliani. Mifano yako ni ya majarida ya biashara, na hili letu litaingia darasani kwa idhini yetu. Wala usidhani tunaogopa kutaja hedhi; chuoni, yaani madrasa, tulisomeshwa hukumu zake za dini tukiwa wadogo, bila ya haya. Ninachohofia ni mhariri kijana wa miaka ishirini na kitu, asiye daktari wala mlezi, kumjibu binti yangu kuhusu afya yake, kisha jibu likiwa na kosa asipatikane wa kuulizwa. Jina lake litakuwa juu ya ukurasa, lakini mgonjwa atakuwa nyumbani kwangu.

Mchangiaji wa tatu (mpiga chapa, Majengo)

Mnabishana kuhusu kalamu na hakuna aliyetaja karatasi. Shujaaz, jarida la vijana la katuni, lilipoanza nchini mwaka 2010 liligawiwa bure, na Fema, jarida la vijana la Tanzania, hupelekwa bure katika shule za sekondari, kwa kuwa wapo wafadhili wanaolipa. Teen Vogue ya Marekani, pamoja na sifa alizoiletea mhariri wake Elaine Welteroth, ilitangaziwa mwisho wa toleo la karatasi mwaka 2017. Kijana mwenye kipawa akiniuliza kama uhariri wa namna hii utamlisha hapa Mombasa, nitamwambia aulize kwanza nani analipa, na kwa muda gani.

Mtoa hoja

Bi. Mzazi, hoja yako ya afya naikubali yote: majibu ya afya yapitiwe na muuguzi au daktari, na jina lake lichapwe. Ila huo ni ukaguzi wa mtaalamu, na hauipi kamati haki ya kufungua sanduku. Napendekeza kamati iandike sera ya jarida mara moja kwa mwaka, imwajiri mhariri kwa sera hiyo, na imwondoe akiikiuka, lakini isiguse kurasa. Kuhusu fedha, ndugu mpiga chapa amenena kweli. Ada ndogo kutoka kwa kila mwanafunzi itatupa jarida jembamba, nami nalipenda hilo kuliko nene la mwenye tangazo. Rasimu ya sera nitaileta kabla ya mkutano ujao, na naomba Bi. Mzazi awe wa kwanza kuipitia.