Uzi wa hasira: Hivi wataalamu wa watoto wenye mtindio wa ubongo hawaongeagi wao kwa wao?

Wadau, leo sina salamu ndefu. Mwanangu wa kiume ana miaka sita na ana mtindio wa ubongo. Tunaishi Busia, upande huu wa Uganda. Kila nikienda hospitali naambiwa habari ya "timu ya wataalamu". Timu sijaiona. Nimeona mtu mmoja mmoja, kila mtu na mlango wake, na mimi katikati na mtoto mgongoni na daftari mkononi.

Hilo daftari mnalijua. Kwetu huku ukienda hospitali ya serikali unanunua daftari la shule dukani, ndilo faili lako. Daktari anaandika humo, sista anaandika, fizio (yule wa mazoezi ya viungo) anaandika. Kuandika wanaandika sana. Kusoma alichoandika mwenzake ndiko hakuna. Kila nikiingia naulizwa upya: "Mama, alipozaliwa alilia?" HAKULIA! Imeandikwa ukurasa wa kwanza, imeandikwa tena mbele, na tena mbele. Hakulia mpaka walipompa hewa. Fungua usome basi, musawo (daktari)!

Kliniki ya kifafa waliongeza dozi ya fenobabitali kwa sababu degedege lilikuwa linarudi. Sawa, likapungua, nawashukuru. Ila mtoto akawa analala mchana kutwa. Nampeleka kwa fizio shingo imelegea, fizio ananigeukia mimi: "Mama, nyumbani humfanyishi mazoezi." Nikamwambia ni dawa. Akasema mambo ya dawa nimuulize daktari. Nikarudi kwa daktari, naye akasema fizio asiingilie mambo ya dawa. Milango yao inatazamana! Mtu akipiga chafya huku, yule wa kule anamwambia afya. Lakini ujumbe wa mtoto lazima niubebe mimi, kwa Kiingereza changu cha sokoni, halafu naonekana mgomvi.

Kula nako ilikuwa vita. Kila kijiko anapaliwa, kifua hakiishi, antibiotiki juu ya antibiotiki. Mtu wa lishe alinipa hesabu nzuri sana ya uji wa maziwa, mayai, na karanga za kusaga. Hakuniuliza mtoto anamezaje. Mama mwenzangu kwenye foleni ndiye aliyeniambia kwamba wale wataalamu wa kuongea huangalia na kumeza pia. Kumuuliza sista, akacheka: "Spichi ya nini na mtoto mwenyewe haongei?" Sista, mdomo wa kuongelea si ndio huo huo wa kulia?

Huyo mtaalamu wa kuongea nilimpata baadaye, mbali, kwa pesa. Ni wachache nchini, Makerere wenyewe walianza kuwafundisha 2008 tu. Yule dada hakuniandikia hata kidonge. Alinionyesha kumkalisha wima badala ya kumlaza mapajani, kichwa kisiangalie dari, uji uwe mzito, kijiko kije kwa mbele na nisimwagie kooni, nisubiri ameze ndipo niongeze. Basi. Kifua kikatulia. Wale wote walioniandikia antibiotiki, hakuna aliyewahi kutaka kumwona akila.

(Mama mkwe aliwahi kuleta mganga. Sikumruhusu amguse mtoto. Lakini swali lake la kwanza lilikuwa: "Nani mwingine anamtibu, na amempa nini?" Nikabaki nimeduwaa.)

Sasa kilichonifanya nifungue uzi huu ni nyonga.

Mwanangu hatembei. Misuli yake hukaza, miguu inapishana kama mkasi, kumvalisha nepi ni shughuli. Kumbe misuli ya ndani ya paja ikikaza hivyo kwa muda mrefu, inauvuta mfupa wa paja utoke kidogo kidogo kwenye kikombe chake cha nyonga. Na mtoto asiyetembea ndiye aliye kwenye hatari kubwa zaidi. Mwanzoni hakuna dalili ya kuona kwa macho, mtoto anaweza asilie kabisa. Eksirei ndiyo inayoonyesha mapema, na inatakiwa irudiwe kila baada ya muda, hata kama mtoto anaonekana mzima. Haya yote nimeyajua mwaka huu. Nimeambiwa na daktari wa upasuaji wa mifupa huku ameshika picha ya KWANZA ya nyonga ya mwanangu, mfupa umeshatoka.

Akaniuliza, "Mama, mbona mmechelewa kumleta?"

Nimechelewa mimi? Mimi ambaye sijakosa kliniki hata mvua ikinyesha? Nilirudi nikamuuliza fizio kwa nini hakuniambia. Akasema eksirei huagizwa na daktari. Daktari akasema yeye ni wa kifafa, miguu ni ya fizio, fizio angemwandikia. Aliyempima splinti, vile vifaa vya kushikilia miguu inyooke, akasema yeye hupima kuanzia goti kwenda chini. Jamani! Mwanangu ana mwenye kichwa, ana mwenye miguu kuanzia gotini, ana mwenye uji. Nyonga haina mwenyewe.

Tena najua mtakachosema. Wagonjwa wengi, mishahara midogo, fizio mmoja hospitali nzima. Ni kweli, nimemwona akila chapati amesimama saa tisa huku foleni inamsubiri, nikamwonea huruma. Najua pia matibabu ya serikali yalitangazwa bure tangu 2001 na bado tunaandikiwa dawa tukanunue nje. Hayo ya serikali, tutapambana na serikali. Lakini kufungua ukurasa wa nyuma kunahitaji bajeti gani? Kumpigia mwenzako aliye hapo ng'ambo ya korido kunahitaji mfadhili kutoka Ulaya?

Na msidhani ni kilio changu peke yangu. Kuna utafiti ulifanyika Iganga na Mayuge, hapo hapo tunapopita tukienda Kampala, ukachapishwa 2017. Walikuta karibu watoto 3 katika kila 1,000 wana hali hii, na watoto wakubwa walikuwa wachache kuliko wadogo. Walikwenda wapi? Walipowafuatilia wale watoto, ripoti ya 2020 ikaonyesha wanakufa kwa kiwango cha mara 25 ya watoto wengine. Vilivyowaua zaidi ni upungufu wa damu, malaria na maambukizi mengine, vitu ambavyo senta yoyote ya afya inavijua. Lakini kama huyu anatazama mguu na yule anatazama degedege, nani atagundua mtoto amekuwa mweupe viganja?

Kuna watu mtaniambia nenda hospitali ya CoRSU kule Kisubi karibu na Kampala, nenda kituo cha watoto wenye ulemavu cha Katalemwa. Asanteni, majina nayajua. Kutoka hapa hadi Kampala ni kama kilomita 200, na kondakta akiona mtoto mkubwa amebebwa pamoja na kiti chake anataka nauli ya watu wawili. Hata nikifika, mazoezi ni ya kila siku na yatafanyika huku huku. Hawa wa huku ndio ninaowataka waamke.

Sitaji hospitali, msiniulize PM. Wazazi wa Tororo, Mbale, Soroti, Jinja: yupo aliyewahi kuona fizio, daktari na mtu wa lishe wakimtazama mtoto wake pamoja, siku moja, chumba kimoja? Aseme ni wapi na siku gani.

Na nyinyi wahudumu wa afya mnaosoma humu kimya kimya, kabla hamjaanza kunifundisha adabu, nijibuni hili moja: mtoto asiyetembea, eksirei ya nyonga anaagiza nani? Nataka cheo. Pole zenu nimeshazipata za kutosha.