Chesi: nimekwama pointi 1450, jana nusura nivunje simu. Nyie mnatokaje hapa?

WakalaIgoma
Wakuu, habari za humu. Mimi ni wakala wa pesa, kibanda changu kiko Igoma, Mwanza. Saa nane mpaka saa kumi mchana wateja huwa wa kuhesabu, basi nafungua Lichess kwenye simu napiga chesi za dakika kumi. Mwaka wa tatu huu. Nilianza na ile 1500 ambayo kila mgeni anapewa, nikaporomoka mpaka 1100, nikapanda kidogo kidogo, na tangu Ramadhani iliyopita nimeganda 1450. Nikivuka kidogo, narudishwa.

Sasa jana. Nina ngome na askari mmoja, mwenzangu ana ngome tupu. Mfalme wangu g8 (herufi ni mstari wa kwenda juu, a mpaka h; namba ni safu, 1 mpaka 8), askari g7, hatua moja tu afike safu ya mwisho ageuke malkia, na kinachomzuia ni mfalme wangu mwenyewe aliyekaa mlangoni. Ngome yangu f1. Mfalme wake e7, ngome yake h2. Nikapiga cheki, yaani nikamtishia mfalme wake kwa ngome e1, akaenda d7. Nikaona sasa njia nyeupe, nikatoka f7. Cheki. Nikaenda g6, cheki. f6, cheki. g5, cheki! Saa inakimbia, kuna mama kasimama dirishani anataka kutoa elfu ishirini, nikakimbilia f4. Ngome yake ikateremka kwenye mstari wa g ikamla askari wangu. Sare.

Hapo ndipo nilipoharibu zaidi. Usiku nikarudi kukomboa. Mechi saba, nimefungwa saba. Kutoka 1458 mpaka 1409. Ya mwisho nilitoa malkia bure hatua ya tisa, simu nikaitupa kwenye godoro (ingekuwa sakafuni leo nisingeandika hapa). Mke wangu akaniuliza kama nimeanza kubeti.

Nimetazama video za ufunguzi mpaka nimechoka. Mafumbo nafanya. Tatizo langu nini? Au akili yangu mwisho wake ndio hapo?

Mwamba_wa_Bulleti
Cheza nyingi tu mwanangu, mikono itazoea. Mimi napiga za dakika moja, hamsini kwa siku.

SistaZamuYaUsiku
@Mwamba, na wewe uko ngapi? Maana hujasema 😂

Kaka Wakala, pole. Mimi ni muuguzi, niko Eldoret, nacheza usiku wodi ikitulia. Hiyo mechi ya ngome waachie wanaojua, mimi niongelee hizo saba. Ile haikuwa chesi. Ulikuwa kama mtu ambaye mkeka wake umechanika dakika ya tisini, anaweka mwingine hapo hapo ndiyo hasira iishe.

Mwaka jana nilinunua daftari la kurasa 48. Kila nikifungwa naandika kwa kalamu vitu viwili: hatua iliyoniua, na saa yangu ilikuwa inasoma ngapi. Kompyuta ya kuchambua mechi siigusi kabla sijaandika. Nilipofika mechi ishirini nikahesabu. Kumi na mbili niliharibu kwa hatua niliyocheza chini ya sekunde tano, na nilikuwa na dakika zaidi ya sita mkononi! Nilidhani sijui ufunguzi wa Sisilia. Kumbe nilikuwa sikai kitako nikaangalia farasi wa mtu anaruka wapi.

Siku hizi nikifungwa mbili mfululizo nazima. Si kwa hekima, nilimpa mdogo wangu nenosiri, yeye ndiye ananifungulia kesho yake.

WakalaIgoma
Dada, hilo la daftari limenichoma. Nimeangalia ile ya malkia bure: nilikuwa na dakika nane na nusu.

BabuWaKitunda
Hamjambo wanangu. Mimi mzee wa Mombasa, sataranji nimefunzwa na mjomba kwenye baraza, enzi hizo twasema shaha, hatusemi cheki. Na hao unaowaita askari sisi twawaita vitunda. Haidhuru.

Wakala, akili yako haina neno. Umeshinda mchezo ule kwa hatua hamsini na kitu, ukaupoteza kwa kitu ambacho mtu hufunzwa kwa robo saa. Hali uliyokuwa nayo ndiyo maarufu kuliko zote za ngome, yaitwa ya Lucena, ingawa kitabu cha Lucena cha 1497 hakina mchoro huo hata kimoja. Watu wakishampa mtu sifa ni vigumu kumvua.

Tazama. Ulipiga shaha e1, akaenda d7. Vizuri kabisa. Hapo usitoke! Tulia, sogeza ngome e4. Yeye hana la maana la kufanya, atachezesha ngome yake tu, tuseme aende h1. SASA ndiyo utoke: f7, akupige, g6, akupige, f6, akupige, g5, akupige kutoka g1. Njia ile ile uliyopita jana, nyumba kwa nyumba. Tofauti ni kwamba safari hii ngome yako inatoka e4 kwenda g4, inasimama kati yako na yeye. Shaha zimekwisha. Kitunda chako hakina wa kukizuia.

Wenyewe wanaita kujenga daraja. Jana ngome yako ilikuwa e1, mbali na mto.

Na video za ufunguzi ziache kidogo. Capablanca, yule Mkuba aliyekuwa bingwa wa dunia 1921 hadi 1927, alikuwa akisisitiza mtu aanze kusoma mwisho wa mchezo, ambako vipande ni vichache na waona kila kimoja kinafanya nini. Wewe umejifunza kufungua mlango, lakini chumbani hujui pa kulala.

Mwamba_wa_Bulleti
Daraja la Kigongo–Busisi limekwisha, magari yanapita, la kwako tu Wakala ndiyo bado 😂😂

(Sista, niko 1230. Usimwambie mtu.)

WakalaIgoma
Shikamoo babu. Leo sijacheza hata moja. Sina ubao, nimechora miraba kwenye boksi la maji, vizibo vya soda ndiyo ngome, betri mbili za redio ndiyo wafalme. Nikamweka mpwa wangu wa darasa la sita awe mpinzani, nikamwambia kazi yako ni kunipiga cheki tu. Mara ya kwanza nimesahau e4, kala askari, kacheka mpaka jirani kaja. Ya pili tena. Ya tatu ngome ikasimama g4, dogo akaangalia, akaangalia, akasema "mjomba, sasa nicheze wapi?"

Nilisikia raha kuliko pointi zote za mwaka huu.

Swali: tukahamisha askari mpaka mstari wa h, h7, mfalme h8. Daraja likagoma. Nimekosea wapi?

BabuWaKitunda
Marahaba. Hujakosea. Kitunda cha pembeni kina upande mmoja tu wa kutokea, mfalme wako kabanwa konani, hapo daraja halijengeki. Utashinda tu kama mfalme wake amefungiwa mbali sana. Weka wa kwake mstari wa c, ngome yako d1, ya kwake g2, umwambie mpwa azuie. Kesho jioni niambie nani kashinda.

WakalaIgoma
Dogo anasema leo leo. Boksi tayari liko mezani.