Tupeane uzoefu: Kuziba kwa muda ufa wa boti ya faiba

Ndugu wanachama, naomba kila aliyewahi kuziba ufa wa boti ya faiba akiwa mbali na karakana atueleze alichofanya na jinsi kiraka chake kilivyodumu. Naanza na langu.

Boti yangu iligonga mwamba upande wa omo, chini kidogo ya usawa wa maji, ikapata ufa wa urefu wa kiganja. Nilipoipandisha mchangani nilikuwa na haraka, kwa hiyo niliufuta ufa kwa kitambaa, nikapaka resini ya poliesta (gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu), nikabandika vipande viwili vya mkeka wa faiba (nyuzi zilizogundishwa pamoja bila kufumwa), na alfajiri ya pili nikarudi majini. Siku ya tatu kiraka kilibanduka chote kwa pamoja, kigumu na kizima kama sahani. Nilipokigeuza nikaona upande wake wa ndani unang'aa, bila hata unyuzi mmoja wa boti ulioshikamana nao. Resini ilikuwa imeganda vizuri kabisa, ila haikuwa na pa kushika, kwa sababu chini yake kulikuwa na chumvi, unyevu na gelkoti laini, yaani lile tabaka la nje la boti linalong'aa, ambalo sikulipiga msasa.

Mara ya pili niliosha kwa maji yasiyo na chumvi, nikaiacha boti ikauke juani siku nzima, nikasugua kwa msasa namba 80 hadi gelkoti ikaisha na nyuzi zikaonekana, upana wa vidole vinne kila upande wa ufa, kisha nikafuta vumbi kwa asetoni. Kiraka hicho kilivumilia hadi boti ilipofika kwa fundi, na fundi alipata kazi kukiondoa.

Fundi wa boti

Ndugu mleta mada, umegusa penyewe. Mimi naongeza kwamba kabla ya kushika msasa ni lazima ujue ufa umefika wapi. Mistari myembamba iliyotawanyika kama utando wa buibui mara nyingi huishia kwenye gelkoti, na hiyo inaweza kusubiri. Ukigonga kwa mpini wa bisibisi ukisogea taratibu kuuzunguka ufa, faiba nzima hutoa mlio mkavu, na pale matabaka yalipoachana mlio hufifia kama unagonga boksi tupu. Weka alama hapo kwa penseli, maana kiraka kinapaswa kuvuka alama hiyo. Katika kila ncha ya ufa natoboa tundu dogo la milimita 3 hadi 5, kwa sababu ncha kali ndiyo inayoendelea kupasuka boti inapopigwa na mawimbi, na tundu la mviringo hulisambaza lile shinikizo.

Kuhusu resini, epoksi hushika faiba ya zamani vizuri zaidi kuliko poliesta, ila usiitumie na mkeka wa kawaida. Gundi inayoshikilia nyuzi za mkeka huyeyushwa na stairini iliyomo ndani ya poliesta. Epoksi haina stairini, hivyo mkeka hubaki mkakamavu na haulali vizuri kwenye kona. Tumia kitambaa cha faiba kilichofumwa. Na tafadhali msizidishe kigandishi mkidhani mtapata nguvu zaidi. Kwa poliesta kiasi cha kawaida ni asilimia 1 hadi 2, na kwa epoksi uwiano ulioandikwa kwenye kopo haubadilishwi hata kidogo. Changanya kidogo kidogo, kwani resini nyingi ndani ya kopo lenye kina hupata joto hadi ikatoa moshi.

Baharia wa masafa

Yote hayo ni ya mtu aliyefika ufukweni. Sisi ufa ulitupata tukiwa majini, ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya boti maji yanapokusanyika, ikaanza kujaa kuliko pampu ilivyoweza kutoa. Nahodha alihamishia abiria na mizigo upande wa pili hadi ubavu uliopasuka ukainuka, akapunguza mwendo, na maji yakapungua mara moja. Kisha tulikunja kipande cha mpira wa tyubu, tukakiweka juu ya ufa kwa ndani, tukakikandamiza kwa ubao na kuukaza ubao kwa kasia lililoegemezwa upande wa pili. Kiraka cha ndani husukumwa na maji yanayotaka kukitoa, ilhali cha nje hukandamizwa na maji hayohayo, ndiyo maana bila lile kasia kisingekaa. Siku hizi nabeba puti ya epoksi inayoganda hata majini. Huikanda kwa mikono yenye glavu hadi rangi zake mbili ziwe moja, kisha nasukumiza ndani ya ufa.

Mvuvi

Mimi nilitumia silikoni. Maji hayakuingia kwa wiki kadhaa, lakini fundi alipokuja kutengeneza, resini ilikataa kushika kila mahali silikoni ilipopita, ikabidi akate eneo kubwa kuliko ufa wenyewe. Silikoni ikae mbali na faiba.

Mleta mada

Nashukuru sana, ndugu zangu. Bwana fundi, mara ile ya kwanza tone la kigandishi lilinirukia shavuni, karibu kabisa na jicho, na baadaye nikaelezwa kwamba dawa ile inaweza kupofusha. Tangu hapo miwani ya kukinga macho na chupa ya maji safi hukaa ndani ya sanduku lilelile la resini, na sifungui kopo kabla sijavaa.