Mtoto ameandikiwa miwani ya −2.00: je, akiizoea, macho yatazidi kuharibika?

MamaWete
Assalamu alaikum. Mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 10, hukaa mstari wa mbele skuli, na hata hivyo mwalimu wake ameniambia kwamba hunakili masomo kutoka katika daftari la mwenzake badala ya ubaoni. Tumempima, na karatasi inasema jicho la kulia ni −2.00, na la kushoto ni −1.75 / −0.75 × 180. Bibi yake hataki kabisa avalishwe miwani, kwa sababu kijana mmoja wa mtaani kwetu alianza na vioo vyembamba na leo anavaa vinene mno. Muuza miwani naye ameshauri tuchukue nusu ya nguvu iliyoandikwa ili jicho lisibweteke. Isitoshe, mimi mwenyewe, nikiwa na miaka 44, sasa siwezi kusoma Msahafu mpaka niusogeze mbali, na bibi anauliza inakuwaje mama asione karibu na mwana asione mbali. Naomba ushauri wenu.

MaalimFizikia
Waalaikumu ssalamu, dada. Nuru inayoingia jichoni hupindwa kwanza na konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, ambayo hufanya takriban theluthi mbili ya kazi yote, kisha lenzi iliyo nyuma ya mboni huikamilisha ili taswira iangukie juu ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea taswira. Nguvu hizo kwa pamoja ni karibu dayopta 60 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi, na ndicho kilichoandikwa katika karatasi yako). Jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 24 hivi kutoka mbele hadi nyuma. Likizidi kwa milimita moja tu, taswira ya vitu vya mbali hufanyika kabla ya kuifikia retina, na kasoro hufika dayopta 2.5 au zaidi. Alama ya kutoa ni ya lenzi iliyobonyea katikati, ambayo huitawanya nuru kidogo ili taswira irudi nyuma hadi mahali pake.

Kipimo hicho unaweza kukihakiki nyumbani. Gawa 1 kwa 2 ya jicho la kulia, utapata nusu mita. Mwanao akiziba jicho la kushoto, bila ya miwani, ataona herufi za kitabu sawasawa mpaka karibu umbali huo, kisha zitaanza kuvurugika.

Ile −0.75 × 180 ni jambo jingine. Kwa kawaida huwa konea imepinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kwa hiyo kioo huongezewa nguvu katika uelekeo mmoja tu, na 180 ni nyuzi za mhimili wake. Mwanafalaki Mwingereza George Airy alijitengenezeshea lenzi ya namna hiyo kwa jicho lake la kushoto katika miaka ya 1820, kwa hiyo si jambo geni.

BabaKonde
Nami ninaye binti anayevaa miwani, na hofu ya bibi naielewa, kwani akiivua hulalamika kuwa anaona vibaya kuliko zamani. Je, hilo si dalili ya kudhoofika?

MpimajiUnguja
Ndugu BabaKonde, jicho la binti yako halikubadilika kwa kuvaa; kilichobadilika ni kwamba sasa anajua uoni safi ulivyo, na ule ukungu aliouzoea haumridhishi tena. Kioo hubadilisha njia ya nuru, hakirefushi jicho. Yule kijana wa mtaani kwa MamaWete vioo vyake viliongezeka unene kwa sababu jicho lenyewe liliendelea kurefuka alipokuwa akikua, na lingerefuka hata kama angekaa bila ya miwani.

Ushauri wa nusu ya nguvu ninaupinga waziwazi. Utafiti uliofanyika Malaysia na kuchapishwa mwaka 2002 ulionesha kwamba watoto waliopewa miwani pungufu macho yao yaliongezeka kasoro haraka zaidi kuliko waliopewa kamili. Bora mtoto apate muda mrefu wa kucheza nje mchana, kwani mwanga wa jua umethibitika kuchelewesha kuanza kwa tatizo hili, ingawa kwa aliyekwisha kulipata faida yake ni ndogo.

Ama wewe, dada, hali yako ni tofauti kabisa. Kwa umri wa miaka 40 na kitu lenzi ya jicho huwa imekakamaa, na msuli unaoizunguka hauwezi tena kuifanya inenepe kwa ajili ya vitu vya karibu. Utahitaji lenzi ya kujumlisha ya kusomea. Usichukue ya kwenye meza ya sokoni kabla ya kupimwa, kwa sababu vipimo vya macho yako mawili huenda visilingane, na pia katika umri huu presha ya macho inafaa iangaliwe.

Nina swali moja: mtoto alitiwa dawa ya matone kabla ya kupimwa?

MamaWete
Hapana, alisomeshwa herufi za ukutani tu.

MpimajiUnguja
Basi mrudishe kabla ya kukata vioo. Msuli wa lenzi ya mtoto una nguvu nyingi, na akiukaza wakati wa kipimo, kasoro huonekana kubwa kuliko ilivyo. Matone huulegeza msuli huo ili kipimo kiwe cha kweli. Mpeleke siku isiyo ya mtihani, kwani maandishi ya karibu yatakuwa na ukungu mpaka siku ya pili, na mvalishe kofia wakati wa kurudi, maana mboni zitakuwa wazi na jua litamuumiza.