Ustaarabu wa kale wa India na China kwa watoto wa miaka 7: nianzie wapi?

Mwl_DarasaLaPili: Habari wakuu. Nina vipindi vinne vya dakika 40. Picha nilizonazo zinachanganya Taj Mahal, Ukuta Mkuu wa China na mji wa kale wa Mohenjo-daro pamoja. Nianze na nini, na watoto washike nini mikononi?

KambaYaMiaka: Anza na wakati, mwalimu. Kata kamba ya mita 5. Kila mita ni miaka 1,000, ncha moja ni leo. Mohenjo-daro (kama 2600 KK) inaangukia mita 4.6. Utawala wa Shang huko China (kama 1600 KK) uko mita 3.6. Qin Shi Huang, aliyeiunganisha China mwaka 221 KK, yuko mita 2.2 na ushee. Taj Mahal, iliyoanza kujengwa 1632, iko sentimita 39 tu kutoka leo! Hesabu za KK zisikuchoshe, umri huo unatosha "zamani zaidi".

Mfinyanzi: Kwa India, wachonge muhuri. Mihuri ya Bonde la Indus, kulikokuwa na Mohenjo-daro, ilikuwa ya jiwe laini, midogo ya kushika kwa vidole viwili, ina mnyama (mara nyingi mwenye pembe moja) na alama chache juu yake. Tumia sabuni ya mche, mpya, maana iliyokauka inameguka. Kipande sm 3 kwa 3, unene sm 1.5. Wachore kwa kijiti cha meno, kina cha milimita 2 au 3, kisha wapake mafuta ya kula kidogo na kukandamiza kwenye udongo wa mfinyanzi. Udongo wenye maji mengi unang'ang'ania sabuni. Mkavu mno hauchukui pembe wala miguu. Picha itatoka imegeuka: usiwaambie mapema, waache walione wenyewe. Na tafadhali usiwape maana ya zile alama, hakuna aliyefaulu kuzisoma mpaka leo. Watoto wanalipenda sana hilo.

Mwl_DarasaLaPili: Asante sana. Na China?

GambaLaKobe: Mifupa ya utabiri ya Anyang, mji mkuu wa mwisho wa Shang. Mfalme Wu Ding wa Shang aliuliza swali, gamba la tumbo la kobe au mfupa wa bega la ng'ombe ukachomwa mpaka ukapasuka, nyufa zikasomwa, swali likachongwa pembeni. Darasani hakuna moto. Kanda unga wa ngano vikombe 2, chumvi laini kikombe 1, maji robo tatu ya kikombe. Sukuma unene wa nusu sentimita, kata umbo la gamba. Wachore alama za jua 日, mwezi 月, mlima 山 ukiwa bado mbichi. Ukishakauka unapasuka mikononi. Kausha kivulini siku mbili ukigeuza, kwa sababu juani unajikunja. Halafu paka chai ya rangi iliyopoa, na nyufa zichorwe kwa penseli. Kila mtoto awe na swali lake: "Mvua itanyesha kesho?" Kwa kuwa kukausha kunakula siku, fanya China kipindi cha pili, muhuri cha tatu, ndipo cha nne urudi kwenye gamba.