Teja aliye kwenye methadoni apewe bangi "imtulize"? Mnaona sawa?

Mleta mada:
Wakuu habari, kuna ishu imetugawa nyumbani naomba tujadili bila matusi. Mdogo wangu alikula unga miaka sita, sa hivi yuko kwenye methadoni, dawa ya hospitali ya kumsaidia kuacha unga (heroini), kila asubuhi anapanda daladala anaenda kunywa kikombe chake mbele ya nesi. Sasa mjomba na washkaji wa kijiweni wanasema jioni apewe bangi, eti majani tu, hata arosto (yale mateso ya mwili ukikosa unga) inakata. Mi nakataa, na sio kwa sababu ya dini wala polisi.

Kwenye ubongo kuna vipokezi vya afyuni, ndo vinavyokamata heroini, mofini na methadoni, halafu kuna vya bangi vinaitwa CB1. Watu wanadhani hivi ni vitu viwili havijuani, kumbe vinakaa jirani, pengine kwenye seli ileile, pale pale panapomfanya mtu akionja raha aitake tena. 1997 watafiti wa Italia waliwapa panya THC, ile inayolewesha kwenye bangi, dopamini (kemikali ya raha kwenye ubongo) ikapanda kama ya heroini, wakaziba vipokezi vya afyuni, haikupanda tena! Yaani raha ya bangi ilikuwa inapita mlango wa unga. 1999 ikaonekana na upande wa pili, panya waliozaliwa bila CB1 hawakuhangaikia mofini kama wenzao na arosto yao ikawa nyepesi.

Na mateja wengi wa hapa Dar wamepitia kokteli, unga unanyunyiziwa ndani ya msokoto wa bangi. Juzi tunakula ugali jirani kawasha wake nyuma ya ukuta, dogo tonge likabaki mkononi, mguu ukaanza kutetemeka, jasho juu ya mdomo, na hajavuta chochote, harufu tu.

Mchangiaji:
Nakuelewa mkuu ila utafiti wa 2014 Marekani, majimbo yaliyoruhusu bangi ya matibabu vifo vya kuzidisha dozi ya dawa za jamii ya afyuni vilikuwa chini karibu 25%. Halafu bangi haizimi pumzi, unga unazima. Bora kipi?

Mleta mada:
La pumzi ni kweli, sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi ina CB1 chache sana. Ila hiyo 25% waliirudia 2019 wakaongeza miaka mpaka 2017, ikageuka, vifo vikawa juu karibu 23%, kwa hiyo huwezi kusema bangi iliokoa wala iliua. Nakuongezea na la upande wako, CBD, iko kwenye mmea huohuo ila hailewishi, 2019 ilijaribiwa kwa watu 42 walioacha heroini, waliopewa CBD hamu yao ya unga ilishuka kuliko waliopewa dawa ya geresha. Lakini hiyo imepimwa kwa miligramu, sio msokoto wa kijiweni.

Mchangiaji mwingine:
Na akivuta kwa siri mtamfukuza?

Mleta mada:
Hapana, na hapo ndo nagombana na mzee, yeye anasema akivuta hata mara moja atoke. Mi akivuta kesho yake namsindikiza kwenye kikombe chake kama kawaida na nesi tunamwambia ukweli, maana ukimkatisha methadoni kisa bangi umemrudisha kwenye kete kwa mkono wako. Asubuhi tunaiweza jamani, jioni ndo inatushinda, wenye ndugu waliopita hapa, kuanzia saa kumi na moja mlikuwa mnawashughulisha na nini?